Agano la Kale: ushahidi wa zamani kabisa wa kushika mkononi ni upi?

Mzee_wa_Kahawa
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni kuna jamaa kashikilia bango kwamba hakuna maandiko ya Kiebrania ya kabla ya mwaka 1008, tena eti enzi za wafalme Waebrania kuandika walikuwa hawajui. Nikakosa la kumjibu. Mambo ya imani tuyaweke pembeni kwanza, nataka vitu vilivyochimbwa ardhini.

Kibatari
Mwaka kaokota sehemu sahihi lakini kauelewa kichwa chini miguu juu. 1008 ni Kodeksi ya Leningrad, Biblia ya Kiebrania kongwe iliyo KAMILI. Sasa 1947 wachungaji wa Kibedui wakakuta mitungi pangoni Qumran, pale Bahari ya Chumvi, ndani magombo. Gombo la Isaya peke yake mita 7 na ushei, sura zote 66, na ni la miaka 100 na kitu KK. Ukililinganisha na la 1008 tofauti zipo, nyingi za tahajia, ila kitabu ni kile kile.

binti_makumbusho
Mi napenda zaidi Ketef Hinnom. 1979 Gabriel Barkay alikuwa anachimba makaburi Yerusalemu wakapata vibati viwili vya fedha vimeviringishwa kama hirizi, kuvikunjua bila kuvivunja ikachukua miaka, kuja kusoma ndani ni ile baraka ya Hesabu 6, "Bwana akubarikie, na kukulinda". Wataalamu wengi wanasema ni vya kabla Wababeli hawajabomoa Hekalu 586 KK. Ila tusijipigie makofi mapema, hapo umepata baraka, hujapata kitabu kizima cha Hesabu.

Ustadh_Mtaani
Na kuhusu kuandika, mwambie akasome maandishi ya Siloamu, yaligunduliwa 1880 kwenye handaki la maji Yerusalemu, siku hizi yako Istanbul. Mafundi wanachimba mwamba kutoka pande mbili, zimebaki dhiraa 3 wanasikia wenzao wanaita upande wa pili!! Hiyo ni miaka ya 700 KK. Halafu kuna barua za Lakishi, mji wa kale wa Yuda, wino juu ya vigae, maafisa wa jeshi wanaandikiana.

Ila herufi za maandishi hayo sio hizi za mraba za Kiebrania cha leo, hizi walizichukua kwa Waaramu, zile za kale Wasamaria ndo bado wanazo kwa namna yao. Aliyepita madrasa atacheka: alefu, beth, gimel, daleth... alif, be, jim, dal, ukoo mmoja. Irabu hazikuwepo, zile nukta Wamasoreti, wanazuoni wa Kiyahudi waliokuwa wakinakili Biblia, waliziweka baadaye sana.

Mzee_wa_Kahawa
Asanteni sana aisee. Na Musa je, kuna chochote cha mkono wake?

Kibatari
Hakuna mkuu. Kalenda ya Gezeri, ile ya miezi ya kulima na kuvuna, ni ya miaka ya 900 KK, na hata hiyo wanabishana kama ni Kiebrania au Kifoinike. Kijiweni usiende na Musa, nenda na vile vibati.