Mlonge, mshubiri au artemisia: kipi kina soko?

Mzigua_Shamba: Wakuu salaam. Nina shamba Tanga, msimu huu naacha mahindi niweke mimea dawa. Nimebaki na hiyo mitatu. Upi unalipa? Wiki hii nanunua mbegu.

KitaluChetu: Tanga kubwa mkuu. Lushoto au Handeni? Ekari ngapi? Maji? Mnunuzi nani? Bila hayo tunapiga ramli.

Pakanga: Kama ni milimani, artemisia. Mbegu zake vumbi tupu, gramu moja ina zaidi ya 10,000. Changanya na mchanga mkavu, mwaga juu ya kitalu, usifukie. Vuna kabla tu haijachanua, maana ua likifunguka artemisinini, kile kiini cha dawa ya malaria, inashuka. Na mbegu iwe ya kuchelewa kuchanua. Huku mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, ya kawaida inatoa maua ikiwa bado fupi.

Shubiri_Chungu: Artemisia bila mkataba wa kiwanda utawashia moto. Usitegemee kuuza majani yake kama chai mtaani pia, WHO haikubali yatumike kutibu malaria.

Mzigua_Shamba: Ni Handeni. Ekari mbili. Maji ya bwawa, kiangazi linakauka.

KitaluChetu: Ungesema mapema! Artemisia futa. Panda mlonge, mbegu mbili kila shimo, kina sentimeta 2, maji yasituame. Ukifika kiunoni kata, baadaye kila siku 35 hadi 45 mvua ikiwepo. Kilo 10 za majani mabichi zinabaki 2 hivi zikikauka.

Kinachoangusha watu ni ukaushaji. Majani yanachumwa na umande, yanashindiliwa kwenye viroba, mpaka jioni yameshapata joto. Kesho yake yanatandazwa juani kwenye turubai: juu hudhurungi, katikati mabichi. Yanasagwa hivyo hivyo. Wiki mbili baadaye unga umeshikana mabonge na unanuka nyasi zilizovunda. Mnunuzi anapima unyevu, ukizidi asilimia 10 anageuza gari. Kausha kivulini juu ya kichanja cha neti, tabaka jembamba, geuza kila siku. Kunja kikonyo: kikipinda bila kukatika, maji bado yamo.

Shubiri_Chungu: Mshubiri unavumilia ukame kuliko huo mlonge wenu. Shida, ute unaharibika saa chache baada ya kukata, kwa hiyo msindikaji awe karibu. Simamisha majani kitako chini utomvu wa njano uchuruzike kwanza. Ukibaki kwenye ute unaharisha watu. Machipukizi yawe ya Aloe vera yenyewe. Aina nyingine ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kuuza nje mpaka kibali.

Pakanga: Unga wa mlonge si dawa, ni chakula. Unaenda TBS, Shirika la Viwango.

KitaluChetu: Ni chakula mpaka uandike kwenye kopo "unatibu kisukari". Hapo ni Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Pakanga: Wanaoandika hivyo wamejaa Kariakoo.

KitaluChetu: Kujaa si kibali. @Mzigua_Shamba, mnunuzi bado hujamtaja.

Mzigua_Shamba: Sina bado. Na choya (rosela) je?