Redio ya ridhaa ya mkononi kwa safari za nje ya barabara: nianzie wapi?

Dereva wa Vumbi aliuliza:

Wakuu, salaam. Sisi ni kikundi kidogo cha marafiki wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na njia tunazozipenda ni za milimani na za jangwani, ambako simu hukosa mtandao kwa saa nyingi. Mpaka sasa tunawasiliana kwa taa na honi, na utaratibu huo unatosha maadamu magari yanaonana; lakini vumbi likishatanda, au gari la nyuma likipasua tairi, aliye mbele hana habari mpaka aamue mwenyewe kusimama na kusubiri.

Nimekuwa nikisoma kuhusu redio ya ridhaa, na nimevutiwa na zile redio ndogo za mkononi za wati 5 ambazo wauzaji wanasema zinafika kilomita 30 au zaidi. Je, umbali huo ni wa kweli? Je, ninaweza kununua na kuanza kuzungumza siku hiyohiyo, au leseni ni ya lazima? Na kama nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha nyongeza, kiwe betri, antena, au redio yenye wati nyingi zaidi?

---

Mpanda Vilima alijibu:

Ndugu Dereva, nianze na umbali, kwa sababu hapo ndipo wanunuzi wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Redio hizi hutumia bendi mbili, ile ya mita 2, iliyo karibu na megahazi 145, na ile ya sentimita 70, iliyo karibu na megahazi 435. Mawimbi ya bendi hizo husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo kinachoamua utasikika wapi ni kimo cha antena zote mbili pamoja na chochote kilichosimama katikati yake. Kukadiria ni rahisi: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita hadi upeo wa redio. Fanya hivyo kwa kila upande, kisha ujumlishe. Watu wawili waliosimama uwandani, kila mmoja akishika redio mita 1.5 kutoka ardhini, wanapata kilomita 10 hivi, tena pasipo mti, tuta wala bonde. Mmoja wao akipanda kilima kilichoinuka mita 100 juu ya uwanda huo, hesabu inaruka hadi kilomita 46, kwa redio ileile na betri ileile. Kilomita 30 za muuzaji zipo, ila zipo kileleni. Kwenye korongo lenye kona, usishangae kupoteza mawasiliano kabla ya kilomita 2.

Sasa suala la wati. Kutoka wati 5 hadi 50 ni ongezeko la desibeli 10, ambalo kwenye kipimo cha nguvu ya mawimbi cha redio ya mwenzako halifiki hata hatua mbili, kwa kuwa kila hatua ni desibeli 6. Ongezeko hilo linasaidia pale sauti inapokuwa imezama kwenye mvumo, lakini halitoboi mlima. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la mwisho ni antena, na sisiti hata kidogo. Kile kijiti kifupi cha mpira kinachokuja na redio kimetengenezwa kwa ajili ya mfuko wa shati, si kwa ajili ya umbali, na ukikitumia ndani ya gari unakuwa umejifungia kwenye sanduku la bati lenye madirisha.

Nunua antena ya robo ya wimbi yenye kitako cha sumaku. Kwa megahazi 145, robo ya wimbi ni kama nusu mita, kwa hiyo haitakwama kwenye matawi kama fimbo ndefu za bendi nyingine. Iweke katikati ya paa, si pembeni, kwa sababu bati la paa ndilo nusu ya pili ya antena hiyo. Uzuri mwingine ni kwamba 435 ni mara tatu ya 145, hivyo fimbo hiyohiyo huitikia bendi zote mbili bila kufanyiwa chochote. Paa likiwa la alumini au la plastiki, sumaku haitashika. Hapo utahitaji kishikio cha kufunga kwa skrubu kwenye ukingo wa boneti au kwenye keria.

---

Kanuni Kwanza alijibu:

Nakubaliana na Mpanda Vilima kuhusu antena, lakini kabla ya kununua hata skrubu moja, ndugu yangu, tafuta leseni. Kanuni za Redio za ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, zinaielezea huduma ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi bila kutafuta faida ya fedha, na wahusika wake ni watu walioidhinishwa. Mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako ndiyo inayotoa kibali hicho, mara nyingi baada ya mtihani wa kanuni, umeme wa msingi na usalama, kisha inakupa alama ya utambulisho ambayo utaitaja kila unapokuwa hewani. Mtihani wa ngazi ya kwanza si mgumu. Mtu mwenye kazi na familia anaweza kujiandaa jioni baada ya jioni, na yale anayojifunza kuhusu antena na betri yanamfaa njiani kuliko video nyingi za wauza redio.

Jambo ambalo waanzaji wengi hawalitarajii ni kwamba leseni yako haiwafungulii mlango wenzako. Kama magari ni matano na mwenye leseni ni wewe peke yako, utakuwa na redio nzuri na huna wa kuzungumza naye. Kwa hiyo lizungumzeni kama kikundi: ama wote mfanye mtihani, ama mtumie redio zisizohitaji leseni binafsi kwa mazungumzo ya msafara. Katika nchi nyingi za Ulaya kuna PMR446, yenye kikomo cha nusu wati na antena isiyofunguliwa, na kwingineko kuna redio za CB za megahazi 27. Lakini usichukue redio ya ridhaa ukaipangia masafa ya huduma hizo ukadhani umetimiza sheria. Huduma hizo hudai vifaa vilivyoidhinishwa kwa ajili yake, na redio yako ya wati 5 yenye antena ya kubadilishwa si mojawapo.

Angalia pia mipaka ya bendi. Afrika na Ulaya ziko katika Kanda ya 1 ya ITU, ambako bendi ya mita 2 inaanzia megahazi 144 na kuishia 146. Katika Kanda ya 2 na ya 3 inafika 148. Redio nyingi za bei nafuu zinaweza kurusha nje kabisa ya mipaka hiyo, hadi kwenye masafa ya polisi na ya magari ya wagonjwa, na mwenye kujibu mashtaka ni aliyebonyeza kitufe. Ukivuka mpaka wa nchi, uliza mapema: kuna nchi zinazotambua leseni za wageni, na kuna nyingine ambako kuonekana tu na redio isiyo na kibali ni kosa.

---

Dereva wa Vumbi aliandika:

Nawashukuru sana. Nimeuelewa msimamo wa leseni, na wenzangu wawili wamekubali tusome pamoja. Nina maswali mawili ya ziada. Kwanza, nimesikia kwamba kuna ripita juu ya milima ambazo mtu wa redio ya mkononi anaweza kuzitumia. Nikisoma maelezo yake nakutana na namba tatu kwa kituo kimoja na sielewi zinahusianaje. Pili, mwenzetu mmoja anasema redio za mkononi ni upotevu wa fedha, tununue moja kwa moja zile kubwa za kufungwa ndani ya gari. Mnasemaje?

---

Fundi wa Ripita alijibu:

Namba hizo tatu zinaeleweka ukishajua ripita inafanya nini. Ni kituo kilichowekwa mahali pa juu, kinachopokea sauti yako kwenye masafa mamoja na kuirusha papo hapo kwenye masafa mengine, kwa nguvu zaidi na kutoka kwenye antena iliyo juu zaidi. Namba ya kwanza ni masafa ambayo ripita hurushia, na hayo ndiyo unayosikiliza. Namba ya pili ni tofauti kati yake na masafa unayorushia wewe. Kwenye bendi ya mita 2 kwa kawaida ni kilohazi 600, ikiwa na alama ya kutoa au ya kujumlisha. Namba ya tatu ni toni, mlio wa chini ambao redio yako huutuma pamoja na sauti ili ripita ikufungulie mlango.

Tuseme imeandikwa 145.650, kutoa 600, toni 88.5. Redio yako itasikiliza 145.650, na ukibonyeza kitufe itahamia yenyewe 145.050 huku ikituma mlio wa hazi 88.5. Ukiwasikia watu vizuri lakini wewe hujibiwi, usikimbilie kulaumu antena. Angalia toni kwanza, halafu alama ya kutoa au kujumlisha. Mara nyingi kosa liko hapo. Ukibonyeza kitufe, subiri kama sekunde moja kabla ya kuanza kuzungumza, kwa sababu ripita huchelewa kidogo kuamka na itameza neno lako la kwanza, ambalo aghalabu ndilo jina la unayemwita. Shika redio wima, sentimita 5 hivi kutoka mdomoni, na uzungumze kwa sauti ya kawaida. Kupaza sauti kunaikwaruza tu.

Kujaza masafa kwa vitufe vya redio ndogo kunachosha mno. Tafuta waya wa kuunganisha na kompyuta pamoja na programu ya CHIRP, ambayo ni ya bure na inakubali aina nyingi za redio, kisha muandae faili moja na kuigawa kwa kila mtu, ili chaneli ya 1 ya gari la mbele iwe ndiyo chaneli ya 1 ya gari la nyuma. Humo wekeni ripita zote za njia mnayopita, na angalau masafa mawili ya kuzungumza moja kwa moja bila ripita. Msiyafanye masafa ya wito ya bendi kuwa chumba chenu cha maongezi; katika Kanda ya 1 masafa hayo kwa FM ni 145.500. Mnaitana hapo, mkishasikizana mnahamia pengine.

---

Gari la Mwisho alijibu:

Mwenzenu ana hoja, ila amekwenda mbali mno. Mimi huwa nafunga msafara, kwa hiyo redio ndiyo jicho langu, na redio ya kufungwa ndani ya gari inanipa wati za kutosha, umeme wa gari usioisha njiani na spika inayosikika juu ya kelele za injini. Kwa dereva anayesafiri hivi kila mara, ni kifaa bora. Lakini kuna kazi ambayo redio hiyo haiwezi kuifanya, nayo ni kushuka garini. Gari linapopandishwa kwenye mawe, mwongozaji anasimama mbele yake na kumwambia dereva azungushe usukani kiasi gani. Ishara za mikono hazionekani boneti ikishaelekea angani, na kupiga kelele hakufai kitu. Hapo redio ya mkononi haina mpinzani, tena kwa nguvu ya chini kabisa, wati 1 au pungufu, kwa kuwa mnaachana mita chache. Vivyo hivyo kwa anayetangulia kwa miguu kupima kina cha mto au kuangalia kama nyuma ya kona kuna gari linakuja.

Kwa hiyo anzeni na za mkononi, antena ya Mpanda Vilima ikiwa juu ya paa, na kubwa zitafuata mkishajua mnachokikosa. Kuna tahadhari moja kuhusu kuunganisha waya wa antena kwenye redio ndogo: tundu la antena lililo juu yake, la aina iitwayo SMA, ni dhaifu, na waya mnene unaoning'inia utalilegeza kwa mitikisiko ya siku chache. Tumia kipande kifupi cha waya laini kati yake, kisha ufunge redio kwenye dashibodi ili uzito usibebwe na tundu. Na kabla ya kununua kiunganishi, itazameni vizuri redio yenyewe, kwa maana baadhi zina pini na nyingine zina tundu.

Kuhusu betri: redio inaposikiliza hula kidogo sana, lakini ukibonyeza kitufe kwa nguvu ya juu inaweza kuvuta ampea 1 na nusu hivi, kwa hiyo anayependa hadithi ndefu ndiye atakayekuwa bubu jioni. Kuwe na betri moja ya akiba kwa kila redio na chaja ya volti 12 kwa kila gari.

La mwisho ni la dharura. Kanuni za ITU hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote ya redio aliyonayo ili kuita msaada, lakini ruhusa hiyo haikuhakikishii kwamba kuna mtu anayesikiliza. Kwenye bonde lisilo na ripita, wati 5 zako zinaishia kwenye ukuta wa mwamba. Anayekwenda mbali kweli abebe pia kifaa cha kutoa ishara ya dhiki cha megahazi 406, ambacho husikilizwa na satelaiti za mfumo wa Cospas-Sarsat, na akisajili kwa jina lake kabla ya safari, kwa sababu wanaopokea ishara huanza kwa kuwapigia simu watu walioandikwa kwenye usajili huo.