Bei ya korosho: tuamini redio za wilayani au vyombo vya taifa?

mkulima_kusini
Kwa habari za mnada, makato na malipo, kipi kinafaa zaidi: redio za huku kwetu au magazeti na televisheni za Dar? Naomba ulinganisho, ushabiki tuuache.

Ghalani
Kwa bei, redio ya wilayani iko mbele, na sababu ni mnada wenyewe ulivyo. Korosho ghafi haina bei moja. Vyama vikuu vya ushirika ndivyo vinavyouza: TANECU mzigo wa Newala na Tandahimba, MAMCU wa Masasi, Nanyumbu na Mtwara, na mzigo wa kila ghala unapata bei yake. Chombo cha taifa kina nusu dakika tu, basi kinachukua bei ya juu na kuifanya kichwa cha habari. Mkulima wa ghala lililoambulia bei ya chini anasikia namba ambayo haitaingia mfukoni mwake, halafu kesho anamkaba katibu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. Redio inayojua kazi husoma ghala kwa ghala: tani, daraja, bei ya juu, bei ya chini.

Halafu ile bei ni kabla ya makato. Tuseme mnada umefunga 3,400 kwa kilo: toa usafirishaji, toa gharama za ghala, toa ushuru wa ushirika. Asiyetaja makato kakupa habari nusu, awe wa Newala au wa Dar.

Bi_Mhariri
Kwenye bei sina ubishi. Kwenye habari za ubadhirifu nakataa. Redio ndogo inaishi kwa matangazo ya halmashauri, ushirika, wauza pembejeo na miradi ya mashirika. Chama kilicholipia kipindi cha saa nzima nani atakiuliza salfa ya ruzuku, ile dawa ya mikorosho, imekwenda wapi? Mwandishi wa gazeti la taifa ana nafuu hapo, maana mhariri wake hakutani na viongozi wa wilaya kila asubuhi.

Ila taifa nalo huchoka mapema. Oktoba 2018 wakulima walizikataa bei za mnada. Novemba Rais Magufuli akatangaza Serikali itanunua kwa 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba. Tangazo lile lilijaza kurasa za mbele. Ukafuata uhakiki wa wakulima ili kuwachuja kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi. Nani kahakikiwa, nani bado hajalipwa: hilo linafuatiliwa kijiji kwa kijiji, na haliwezekani ukiwa umekaa Dar.

Kipaza
Mnasahau kwamba habari ya "taifa" kutoka Mtwara mara nyingi imeandikwa na mtu aliyeko hukohuko Mtwara. Waandishi wengi wa mikoani wanajitegemea, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Mwenye mkutano akitoa nauli na bahasha, mnapata habari aliyoitaka yeye. Dalili zake: chanzo kimoja, vyeo virefu, hakuna mkulima hata mmoja aliyehojiwa, na aya zilezile kwenye magazeti mawili.

mkulima_kusini
Sawa. Kwa vitendo tufanyeje?

Ghalani
Sikiliza redio siku ya mnada, andika ghala, daraja na bei. Kisha linganisha na taarifa ya mauzo ya AMCOS yako. Haipo ukutani, mdai katibu. Zikipishana, usianze kelele. Uliza kwanza kama ni mzigo uleule, maana korosho za AMCOS moja zinaweza kuuzwa minada miwili, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Tozo mpya, maagizo ya Bodi ya Korosho na soko la nje, hayo fuata taifa.

Bi_Mhariri
Na redio ikikosea, mwandikie mhariri kwanza. Akinyamaza, peleka malalamiko Baraza la Habari, au Kamati ya Maudhui ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Taja kituo, tarehe, jina la kipindi na saa. "Juzi walisema" haimsaidii mtu kutafuta rekodi.