Nakala tatu za riwaya moja: ni mapenzi ya vitabu kweli?

Mla Kurasa: Ndugu zangu, riwaya ya Fourth Wing ilipotoka 2023, chapa ya kwanza ilikuwa na kingo za kurasa nyeusi zenye majoka. Sasa vijana wananunua riwaya ileile mara tatu: toleo la kingo za rangi, la sanduku la vitabu unalolipia kila mwezi kutoka Uingereza, na la kusomea. Kitabu usichokisoma ni fanicha tu.

Binti Likoni: Fanicha? Nakala yangu ya kwanza mgongo umepasuka kwa kusomwa, kurasa za mwisho nimezibandika kwa gundi. Ya pili naihifadhi kwa sababu hiyo. Mama yangu ana doti za kanga hazijakatwa tangu harusi yake, ziko sandukuni. Umewahi kumwambia mama yako ana fanicha?

Mla Kurasa: Mama zetu waache, dada.

Otis wa Umoja: Mnabishania kingo wakati kitabu kipya hakinunuliki! Ile sheria ya Kenya ya 2013 ilituwekea kodi ya VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu. Mimi naenda inama, kwa wauza vitabu wa kando ya barabara, pale mjini Nairobi. Kwa bei ya toleo lenu moja narudi na mfuko umejaa.

Binti Likoni: Umejaa feki. Mwandishi hapati hata senti.

Muuza Vitabu: Hapo umenigusa. Mwaka wa tisa huu nauza vitabu kando ya barabara, vya mtumba, halali. Usitutie kapu moja na wezi. Feki inajulikana: ifungue katikati, wino umekolea ukurasa huu, umefifia unaofuata, ukiikunja kidogo kurasa zinachomoka.

Otis wa Umoja: Mwambie! Nimesomesha wadogo zangu wawili kwa vitabu vya inama.

Binti Likoni: Kaka, kwa wewe nimekosea, samahani. Lakini mwenzako mmoja aliniuzia juzuu ya pili inayoruka kutoka sura ya 20 hadi ya 24. Nililia. Ndiyo maana naagiza toleo maalumu.

Mla Kurasa: Nimeuliza kuhusu kusoma, jamani.

Binti Likoni: Nimesoma mara nne. Wewe umesoma mara ngapi?

Muuza Vitabu: Dada, juzuu hiyo ya pili ninayo, jalada laini, sura zote zipo. Njoo uihesabu mwenyewe kabla hujalipa.

Binti Likoni: Niwekee. Nashuka Nairobi Jumamosi.