ESP32 ya sabufa isiyo na waya: haiwaki, kichujio kinaganda, besi inachelewa

Besi_Tupu

Wakuu, salaam. Nina bodi ya majaribio ya sabufa ya Bluetooth, ile yenye ESP32 ya kawaida (chipu ndogo yenye Bluetooth) pamoja na kadi ndogo ya amplifaya ya daraja D inayopokea I2S, njia ya kupitisha sauti ya kidijitali kati ya chipu. Ninachotaka si kikubwa. Spika mbili za mbele zibaki na waya zao kutoka kwenye kompyuta, sabufa ikae nyuma ya kochi bila waya wa sauti. Nimeanzia kwenye mfano wa a2dp_sink (mpokeaji wa A2DP, yaani sauti ya Bluetooth) uliomo ndani ya ESP-IDF, zana za kuandikia programu za ESP32, nikapachika kichujio changu katikati. Kompyuta inaiona, inaungana nayo, sauti inatoka. Vituko ndipo vinapoanzia.

Cha kwanza, kadi ya amplifaya ikiwa imechomekwa bodi haiwaki. Inajirudia tu, na kwenye terminali napata hii:

rst:0x10 (RTCWDT_RTC_RESET),boot:0x33 (SPI_FAST_FLASH_BOOT)
flash read err, 1000

Nikichomoa kadi inawaka kama kawaida. Nikiichomeka tena bodi ikiwa imeshawaka, inapiga kazi bila kinyongo. Data ya I2S nimeipeleka pini ya GPIO12 kwa kuwa ndiyo iliyo karibu na tundu la kadi.

Cha pili, krosova, yaani masafa ambayo sabufa inaishia. Nataka 80 Hz. Nimechukua namba za kichujio kwenye kikokotoo cha mtandaoni: a1 = -1.984, a2 = 0.984, b0 = 0.0000322. Sekunde chache za mwanzo besi ni safi, dirisha linatetemeka, halafu inaanza kukwaruza, halafu kimya. Nimechapisha thamani ya tokeo kwenye logi, inapanda taratibu mpaka 32767, kikomo cha sampuli ya biti 16, na kuganda hapo. Nikizima na kuwasha, ni yale yale.

Cha tatu, hata kabla haijaganda, besi inachelewa. Ngoma inapigwa mbele, mguno unafika baadaye kabisa, kama mtu anayecheka mzaha ambao wenzake wameshausahau.

Naomba mtu asiniambie ninunue iliyotengenezwa tayari. Najua ipo.

Kijana_wa_Chipu

Mkuu, hamia ESP32-S3 tu. Ni mpya zaidi, hesabu inafanya haraka, na ucheleweshaji utapungua wenyewe.

Mzee_wa_Solda

Nianze na huyu wa S3 kabla hajakupoteza njia. S3 ina BLE (Bluetooth ya nishati ndogo) peke yake. Bluetooth Classic haimo kwenye chipu hiyo, na A2DP inakaa juu ya Classic. C3 ni hivyo hivyo. Ukihamia huko, a2dp_sink haitakompaili hata uibembeleze. Chipu uliyo nayo mkononi ndiyo inayofaa, iache hapo ilipo.

Kuwaka: jibu umelibandika mwenyewe, ni hiyo boot:0x33. Bodi yenye afya husema 0x13. Tofauti yao ni biti moja, nayo ni ya GPIO12. Chipu huisoma pini hiyo wakati wa kuamka ili iamue flashi (kumbukumbu inayoshika programu) ipewe volti ngapi: pini ikiwa chini ni 3.3 V, ikiwa juu ni 1.8 V. Kadi yako ya amplifaya itakuwa na rezista inayovuta laini ya data juu, kwa hiyo flashi ya 3.3 V inaamshwa kwa 1.8 V na haisomeki. Ukichomeka kadi baadaye hakuna kinachoharibika kwa sababu chipu imeshamaliza kuuliza. Peleka data GPIO22, BCK (saa ya biti) iwe 26, WS (alama ya kushoto na kulia) iwe 25, badilisha namba hizo kwenye menuconfig, menyu ya mipangilio, basi. Utakutana na watu watakaokuambia uchome efuse (fyuzi za ndani ya chipu) kwa espefuse.py set_flash_voltage 3.3V. Inafanya kazi, sikatai, lakini efuse ikishachomwa hairudi, na mimi sichomi kitu cha milele kwa ajili ya waya ninaoweza kuuhamisha.

Sasa kichujio, na hapa tuliza akili. Chukua namba zako ujumlishe 1 + a1 + a2, yaani 1 − 1.984 + 0.984. Umepata nini? Sifuri. Jumla hiyo ndiyo kigawanyo cha masafa ya chini kabisa, kwa hiyo DC yako (sehemu ya sauti isiyotikisika) umeigawanya kwa sifuri. Namba zenyewe kwa 80 Hz, kasi ya sampuli 44,100 na Q (ukali wa kichujio kwenye ukomo wake) ya 0.7071 ni a1 = −1.983881 na a2 = 0.984010, na jumla inakuwa 0.000129. Ni ndogo ya kudharaulika, lakini ndiyo inayomfanya huyu awe kichujio. Ukiikata kwenye tarakimu ya tatu, kinachobaki ni kikusanyaji kinacholimbikiza kila kitu na hakisahau. Tuseme sauti inayoingia ina DC ndogo tu, 10 kati ya 32767, ambayo hakuna sikio litakaloigundua. Tokeo litapanda kama 3,500 kila sekunde, na baada ya sekunde tisa hivi limegota darini. DC ikizidi linawahi zaidi. Ndicho ulichokiona kwenye logi.

Tarakimu nne nazo hazitoshi. −1.9839 na 0.9840 zinabakiza 0.0001, na besi ya chini kabisa inapanda kwa zaidi ya 2 dB bila wewe kuomba. Wapo watakaosikia hivyo na kusema sabufa imekolea.

Kwa hiyo usinakili namba za mtu. Maktaba ya esp-dsp ina dsps_biquad_gen_lpf_f32; unaipa 80.0f/44100.0f na Q, inakutengenezea zote tano kwa usahihi wote wa float (desimali za biti 32). Kuchuja kwenyewe ni dsps_biquad_f32. Ukitaka Linkwitz-Riley (aina ya krosova) ya 24 dB kwa oktavu, pitisha mara mbili kwa Q hiyohiyo ya 0.7071, na kila hatua iwe na kumbukumbu yake. Watu wengi hugawia hatua zote mbili kumbukumbu moja kisha wanashangaa kelele. Usikimbilie double (za biti 64), maana kitengo cha hesabu cha ESP32 kinajua float tu. Double inahesabiwa kwa programu na itakumalizia muda. Wala usichujie ndani ya callback ya A2DP, ile kazi inayoitwa data ikifika. Humo mimina sampuli kwenye bafa ya mviringo uondoke, kazi nyingine izisome kwenye kori ya pili.

La ucheleweshaji ndilo baya. Kompyuta inaifinya sauti kwa SBC, kodeki ya kawaida ya A2DP, inaipanga kwenye bafa, inairusha, na upande wa pili bafa nyingine inasubiri ijae kidogo isije ikakatika. Kwa A2DP ya kawaida, 150 hadi 250 ms si ajabu. Wimbi la 80 Hz lina urefu wa 12.5 ms, kwa hiyo kwa 200 ms sabufa yako iko nyuma kwa mawimbi 16. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Ni sawa na kuiweka sabufa karibu mita 69 kutoka unapokaa. Hakuna msimbo utakaoifuta hiyo. Sabufa huwezi kuivuta mbele, unachoweza ni kuzirudisha nyuma spika za mbele.

Kama una ESP32 ya pili, fanya hivi. Iweke karibu na kompyuta, iingize sauti kwa kigeuzi cha analogi kuwa dijitali kama PCM1808. Kutoka hapo sauti inagawanyika: nakala moja inakwenda kwa sabufa kupitia a2dp_source, nyingine inakaa kwenye bafa kwa muda uleule ndipo itoke kwenda kwenye spika. 200 ms za stirio ya biti 16 ni baiti 35,280, zinaenea kwenye RAM hata Bluetooth ikishachukua fungu lake. Faida yake ni kwamba ncha zote mbili ni zako. Bluetooth ya kompyuta hubadilisha bafa yake inavyotaka, leo hivi kesho vile, na ukishapima muda unakuta umehama.

Muziki utakaa sawa. Filamu utairekebisha kwenye kichezaji, VLC inaruhusu kusogeza sauti dhidi ya picha. Michezo ya kompyuta, sahau.

Dada_Mawimbi

Nakubaliana na mzee, ila niongeze namna ya kupima, kwa sababu masikio yatakudanganya hapo kwenye 80 Hz.

Tengeneza mlio mfupi wa 80 Hz, mawimbi machache tu kisha kimya. Weka maikrofoni ya simu pale unapokaa. Rekodi spika peke yake na sabufa peke yake zikifuatana ndani ya faili moja kwa kipimo cha muda kinachojulikana, fungua kwenye Audacity, uone pengo. Hapo unapata makadirio. Baada ya hapo washa zote pamoja kwa mlio mrefu wa 80 Hz, geuza polariti ya sabufa (zidisha sampuli kwa −1, hakuna haja ya kugusa waya), kisha sogeza ucheleweshaji kidogokidogo mpaka sauti izame chini kabisa. Ikishazama, rudisha polariti. Shimo linaonekana wazi kuliko kilele. Kilele ni kipana na kila mahali panaonekana ni penyewe.

Usianze na shimo lakini. Kwa 80 Hz shimo linajirudia kila 12.5 ms, kwa hiyo ukiruka hatua ya kwanza unaweza kuangukia la jirani, mlio mmoja ukawa sawa kabisa na ngoma zikawa bado zimechelewa.

Na kama siku moja utaamua kubadilisha bodi, tazama LE Audio, sauti inayopita kwenye BLE, badala ya kuhangaika na A2DP. Njia zake za sauti zenye muda maalumu ziliingia kwenye Bluetooth 5.2. Kila mpokeaji hupewa muda wa kuchezea, wote wanasubiri wakati huo ufike ndipo wanatoa sauti kwa pamoja. Bodi ya nRF5340 Audio DK ndiyo imetengenezwa kwa ajili hiyo: moja inakuwa lango, nyingine zinapokea, na sabufa inakuwa mpokeaji kama wengine. Chipu yake ina kori mbili na kila moja inahitaji programu yake. Ukiflashi ya kori ya programu ukaisahau ile ya kori ya mtandao, bodi inawaka vizuri na redio haisemi neno.

Mzee_wa_Solda

Dada kasema vema, hasa la shimo. Kuna jambo moja litakalojitokeza mkishapima vizuri mkafurahi. ESP32 mbili ni kristali mbili, yaani saa mbili. Zikitofautiana kwa sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni tofauti ya kawaida kabisa, kila sekunde mnapishana karibu sampuli moja. Kwa saa nzima ni sampuli 3,175, yaani 72 ms, na mpango wote wa asubuhi umeharibika.

Dawa ni kuangalia kiwango cha bafa ya sabufa. Kikipanda kupita alama, tupa sampuli moja. Kikishuka, rudia moja. Wa spika kubwa wataniambia hiyo ni dhambi, nao kwenye spika za mbele wana haki. Kwenye sabufa, fanya hivyo kabla ya kichujio, na kile kimkwaruzo kidogo kinachozaliwa kitamezwa na 24 dB kwa oktavu. Ukitaka ustaarabu zaidi, ESP32 ina APLL, saa ya ndani ya sauti inayorekebishika, unaweza kuisogeza kasi ya I2S kidogokidogo ifuate mtumaji. Mimi naanza na kutupa sampuli, nikisikia tatizo ndipo naenda kwenye APLL.

Besi_Tupu

Shikamoo mzee, na asante dada. Data iko GPIO22, bodi inasema 0x13 na inawaka kadi ikiwa mahali pake. Nimepekua kadi, rezista ya kuvuta juu ipo kweli, imejificha chini ya tundu. Kichujio cha esp-dsp hakijaganda tangu nikiweke. ESP32 ya pili ninayo, naanza kuunganisha PCM1808.

Swali dogo limebaki. Nimeongeza huduma ya BLE ili nibadilishe krosova na sauti kwa kitelezi kwenye simu, na kila badiliko linaandikwa NVS, hifadhi ya kudumu kwenye flashi. Nikisogeza kitelezi, sabufa inatoa "tap tap tap". Ni kichujio tena?

Mzee_wa_Solda

Marahaba. Kichujio kina sehemu yake ndogo, mkosaji mkubwa ni NVS. Flashi ikiandikwa, kashe inazimwa, na kori zote mbili zinasimamisha msimbo wowote unaokaa kwenye flashi. Kazi yako ya sauti nayo inasimama, bafa ya DMA inayolisha I2S inaisha, ndiyo hiyo "tap". Kitelezi kikisogea, badilisha thamani kwenye RAM tu na uanzishe esp_timer ya sekunde mbili, upya kila kinaposogea. Kidole kikitulia na muda ukaisha, ndipo uandike NVS mara moja.

Kwa sehemu ya kichujio: namba mpya zitengenezee kwenye safu ya pili, kisha ubadilishe kielekezi kati ya bloku na bloku, kamwe si katikati. Kumbukumbu za hatua usizifute. Ukizirudisha sifuri utasikia "tap" nyingine, safari hii ya kujitakia.