Kanuni za mipango zikibadilika, nani athibitishe kwamba gereji ilikuwapo kabla?

Mleta mada

Halmashauri inabadilisha mpango wa matumizi ya ardhi. Mtaa uliokuwa wa mchanganyiko sasa unakuwa wa makazi tu. Gereji iliyokuwa ikifanya kazi pale kihalali haifungwi siku hiyo, kwa sababu sheria za nchi nyingi zinalinda matumizi yaliyokuwapo. Miaka sita inapita. Jirani analalamika, mkaguzi anafika, na mwenye gereji anaambiwa: thibitisha.

Je, ni haki mzigo wote umwangukie yeye, wakati aliyebadilisha kanuni ni halmashauri? Mimi nasema si haki. Anayefuta kanuni ya zamani aorodheshe kwanza alichokikuta, kiwanja kwa kiwanja, kabla ya ile mpya kuanza kazi.

Afisa wa usimamizi wa mipango

Napinga. Mwenye kiwanja ndiye mwenye risiti, mikataba ya mafundi na bili za umeme. Sisi tuko nje ya uzio. Tutajuaje kama ndani kulikuwa na mashine moja ya kuchomelea au nne?

Tena mzigo wenyewe si mzito kama unavyosemwa. Chukua Uingereza: anayeomba cheti cha matumizi halali ndiye anayethibitisha, lakini kipimo ni kile cha kesi za madai, yaani jambo lionekane kuwa na uwezekano mkubwa kuliko kutokuwapo. Ikiwa maelezo yake ni mahususi, hayana utata, na halmashauri haina cha kuyapinga, hawezi kukataliwa kwa sababu tu hakuleta shahidi wa nje. Kinachowaangusha wengi ni kuthibitisha jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

Wakili

Hilo la mwisho ni kweli kabisa. Maswali ni manne, na watu hujibu moja tu, lile la "tuko hapa tangu zamani".

La kwanza ni uhalali. Je, matumizi yalianza kwa kufuata kanuni za wakati ule? Kukaa muda mrefu peke yake si uhalali, isipokuwa pale sheria inaposema hivyo. Uingereza inasema hivyo: ukitumia ardhi bila kibali kwa miaka 10 mfululizo bila kuchukuliwa hatua, matumizi yanahesabika halali. Jengo kugeuzwa makazi kulikuwa na muda wa miaka 4, ila tangu tarehe 25 Aprili 2024 nako kumepelekwa kwenye 10, isipokuwa kwa mabadiliko yaliyokwisha kufanyika kabla ya siku hiyo. Na aliyeficha makusudi asitegemee muda huo. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya huko ilimkatalia mtu aliyepewa kibali cha ghala la nyasi akajenga nyumba yenye sura ya ghala.

La pili ni tarehe. New Zealand, kifungu cha 10 cha Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya 1991 kinataka matumizi yawe yameanza kihalali kabla kanuni haijaanza kutumika, au kabla rasimu ya mpango haijatangazwa. Kati ya kutangazwa na kuanza kutumika panaweza kupita muda mrefu. Ukiikosea tarehe hiyo, unaweza kuleta faili nene ambalo halisaidii chochote.

La tatu ni ukubwa, la nne ni mwendelezo. Hayo ndiyo yanayoleta ugomvi.

Na tafadhali, leseni ya biashara isichukuliwe kama kibali cha ardhi. Inaonyesha kwamba fulani aliruhusiwa kufanya biashara fulani mwaka fulani. Haisemi kwamba kiwanja kiliruhusiwa kutumika hivyo. Ilete kama ushahidi wa tarehe na anwani, usiitegemee kwa uhalali.

Mpima ardhi

Niongezee upande wa ushahidi wenyewe, maana hapo ndipo faili hufa.

Chora jedwali. Kila mwezi uwe na mstari wake, kuanzia mwaka mmoja au miwili kabla ya tarehe ya kanuni hadi leo. Safu wima ziwe: umeme, ununuzi wa vipuri na vilainishi, mishahara au malipo ya mafundi, ankara za wateja, picha, barua za ofisi yoyote ya serikali. Weka alama penye karatasi. Nafasi tupu zitajionyesha zenyewe, na ni afadhali uzione wewe kabla ya mkaguzi.

Bili ya umeme ni shahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu haionyeshi tu kwamba mita ilikuwapo. Kiwanja chenye umeme wa fezi tatu na uniti nyingi kila mwezi kinasema kitu tofauti na chenye taa mbili. Uniti zikishuka ghafla kwa miezi minane, uwe na maelezo tayari.

Picha za anga nazo zina mtego wake. Picha inaonyesha paa, haionyeshi kazi iliyo chini ya paa. Tafuta vinavyoonyesha kazi: magari yaliyopangwa uani, njia iliyochakaa kutoka lango hadi banda, doa jeusi la mafuta, rundo la matairi. Programu kama Google Earth ina kitelezi cha kurudi miaka ya nyuma. Hakikisha unanakili tarehe ya picha yenyewe, si mwaka wa hakimiliki ulioandikwa chini ya ramani. Kisha chora juu yake mpaka wa eneo lililotumika. Wengi hupaka rangi kiwanja kizima, kumbe gereji ilitumia robo yake, na upande wa nyuma picha inaonyesha mahindi. Dai likizidi picha, hata sehemu iliyo ya kweli inatiliwa shaka.

Viapo: vitatu vyenye maneno yaleyale ni sawa na kimoja dhaifu. Kila shahidi aseme aliona nini, akiwa wapi, kwa miaka ipi, na anajuaje kwamba ulikuwa mwaka huo. "Nilikuwa nikipeleka gari kila baada ya miezi mitatu, na lifti ya kuinulia magari iliwekwa mwaka ambao barabara ilitiwa lami" kinapimika. "Gereji imekuwapo siku zote" hakipimiki.

Mtetezi wa majirani

Mnazungumza kana kwamba anayeumia ni mwenye gereji peke yake. Haki hii kwa kawaida inafuata ardhi, si mtu. Ikishakubaliwa, mnunuzi anairithi, na anayelala ukutani mwa gereji anairithi pia.

Ndiyo maana swali la ukubwa lisipitwe haraka. New Zealand inataka athari zibaki zilezile au za kufanana kwa sifa, ukali na ukubwa. Mafundi wawili wa mchana wakiwa tisa, na rangi ikaanza kupulizwa usiku, jina la gereji halijabadilika ila athari zimebadilika. Kwa hiyo cheti kikitoka kiandike idadi ya sehemu za kazi, saa, mashine na eneo kwenye mchoro. Cheti kinachosema "gereji" tu ni hundi isiyojazwa kiasi.

Mleta mada

Hapo umenisaidia hoja. Kitu gani kigumu katika kuandika hayo siku kanuni inapobadilika? Fomu ya ukurasa mmoja: picha nne za uani, mchoro wenye vipimo, idadi ya mashine, saa za kazi, sahihi ya mwenye kiwanja na ya mkaguzi, nakala kwa kila mmoja. Miaka sita baadaye mambo hayo yanatafutwa kwenye kumbukumbu za watu ambao wengine wamehama.

Afisa wa usimamizi wa mipango

Fomu naikubali, kwa masharti mawili. Kuwamo kwenye orodha kusihesabiwe kuwa ni kukiri uhalali, maana mkaguzi ameandika alichokiona, hajachunguza vibali. Na asiyekuwamo asipoteze haki yake. Aliyekuwa safarini siku ya ukaguzi abaki na nafasi ya kuthibitisha kwa njia nyingine.

Wakili

La pili naliunga mkono. La kwanza pia, ila fomu iliyotiwa sahihi na mkaguzi ihesabiwe kuwa ushahidi wa tarehe na ukubwa, na halmashauri ikitaka kuipinga, mzigo uhamie kwake.

Limebaki la mwendelezo. Gereji ikifungwa kwa ugonjwa au mirathi, saa inaanza kuhesabu. New Zealand, zaidi ya miezi 12 mfululizo inatosha kupoteza haki, ingawa unaweza kuomba nyongeza ndani ya miaka 2 tangu usimame. New South Wales, jimbo la Australia, nako miezi 12 inaleta dhana kwamba matumizi yameachwa, na dhana hiyo unaweza kuipinga kwa ushahidi. Kwa hiyo anayefunga kwa muda aandike barua kwa halmashauri wiki hiyohiyo, aeleze sababu na nia ya kurudi, aombe igongwe muhuri wa kupokelewa, na asiuze lifti wala kukata umeme. Uani pasipangishwe kwa kazi nyingine katika kipindi hicho, hata kwa miezi miwili. Mpangaji wa kuhifadhi mbao anaweza kuvunja mwendelezo huo, na bili za umeme wake zitakuwa ushahidi dhidi ya mwenye kiwanja.