Tupeane uzoefu: kupunguza mwili kabla ya harusi, wana-Mwanza mlifanyaje?

Binti_wa_Igoma:
Habari za jioni wapendwa. Jana kwenye kikao cha kamati mama mmoja wa upande wa mwanaume alinitazama mbele ya watu akasema, "Bibi harusi wetu, gauni litatosha kweli?" Watu wakacheka, nikacheka nao, ila usiku sikulala. Harusi ni wiki 10 zijazo. Nina kilo 86, nataka nifike 66. Mlioshapita huko, mlianzaje, mlikula nini, kilo ngapi zilitoka kweli? Naomba msinidanganye.

Sato_Chukuchuku:
Pole mdogo wangu. Mimi aliyenisema alikuwa wifi, tena tuko msibani. Niko hapa nasoma.

Kaka_Mabatini:
Acha ugali kabisa, na usiku usile kitu. Mimi nilikata ugali kabla ya ndoa, mkanda ukarudi matundu mawili. Halafu njoo uishi huku kwetu Mabatini juu kwenye mawe. Ukitumwa dukani tu umeshapanda mlima, jimu ya nini?

Mama_Buzuruga:
Kaka, usimwambie binti wa watu aache ugali. Tatizo ni ukubwa wa tonge na dagaa walioelea kwenye mafuta. Mimi nilikula ugali wa dona kila mchana mpaka siku ya harusi. Niliupunguza ukawa kama ngumi yangu, mboga za majani zikajaza nusu ya sahani, sato nikamla chukuchuku badala ya wa kukaanga. Kilichoniuma kuacha ni soda. Kila kikao soda, ukipeleka kadi nyumba ya mtu soda, ukikataa unaambiwa unaringa. Kola ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai. Hesabu nyumba unazopeleka kadi.

Kaka_Mabatini:
Mama, nimesema kilichonisaidia mimi. Ameuliza uzoefu au hajauliza?

Mama_Buzuruga:
Ameuliza. Wakati huo ulikuwa unafanya kazi gani?

Kaka_Mabatini:
Kupakua mizigo bandarini Mwanza Kusini.

Mama_Buzuruga:
Basi. Binti huyu anaonekana ni mtu wa kukaa mezani siku nzima.

Nesi_wa_Zahanati:
Dada Igoma, tupige hesabu kabla ya kupanga chakula. Kilo 20 kwa wiki 10 ni kilo 2 kila wiki. Kiwango salama tunachowaambia watu ni nusu kilo hadi kilo 1 kwa wiki. Kwa hiyo wiki zako zinakupa kilo 5 hadi 10, na ukifika hapo umefanya kazi kubwa sana. Andika tarehe ya harusi, rudi nyuma wiki kwa wiki, namba itakuja yenyewe. Usianze na namba ya mama wa kamati.

Wiki ya kwanza mzani unaweza kushuka hata kilo 2. Sehemu kubwa ni maji, yanatoka pamoja na akiba ya wanga iliyoko kwenye misuli na ini. Wiki ya tatu mzani unapunguza kasi, na hapo ndipo wengi wanaanza kujinyima. Usijinyime. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, haiwezi kuisha kwa siku mbili za njaa.

Kutembea haraka kunatosha kuanzia. Shirika la Afya Duniani linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima, na mazoezi ya kuimarisha misuli walau siku 2. Usijiue na mazoezi ya tumbo ukidhani mafuta ya tumbo yatatoka peke yake, mwili haupungui kwa kuchagua sehemu. Jipime kwa mzani uleule, asubuhi kabla ya kula, na kiuno kipime kwa futi ya fundi. Kabla ya yote kapime presha na sukari.

Cherehani_Makoroboi:
Niongeze la kwetu mafundi. Kila msimu wa harusi wanakuja mabinti na kitambaa wakisema, "Nishonee saizi nitakayokuwa." Sishoni. Nashona mwili uliosimama mbele yangu. Gauni kubwa nalibana jioni moja, gauni dogo linataka kitambaa ambacho duka lilishakimaliza. Mwambie fundi wako aache ziada kwenye mishono ya ubavuni, mgongoni aweke kamba badala ya zipu, na upimaji wa mwisho uwe wiki 2 kabla ya siku. Tena mtu akitoa kilo 5 tu, mimi kwenye gauni nalijua hilo kabla hajaniambia.

Mrembo_Asilia:
Dada, mbona mnamchosha. Nina chai ya mitishamba, wiki 2 tumbo limeisha, haina kemikali yoyote. Nipo mjini, nitafute pembeni.

Dada_wa_Nyakato:
Naomba chai hiyo isiuzwe kwenye uzi huu. Nilikuwa nasoma kimya, sasa naandika mikono inatetemeka.

Mdogo wangu aliolewa mwaka juzi. Siku ya mahari, shangazi wa bwana harusi alimshika mkono wa juu, akaubinya, akasema, "Hapa kuna kazi." Kuanzia hapo mtoto akabadilika. Akanunua chai kama hiyo kwa mtu anayezungusha maofisini. Asubuhi chai, mchana tikiti, usiku chai. Chooni kutwa. Ukimwambia kula anasema ameshiba. Mtaa mzima unamsifia, shingo imetoka, mashavu yametulia, naye akisifiwa anaongeza kikombe.

Sendofu ilikuwa ukumbi mmoja huku Nyakato. Aliingia anacheza na wasindikizaji. Wimbo wa kwanza vizuri. Wa pili nikaona kila akipita meza anaishika. Akafika mbele kwenye ndafu, akapewa kisu, akaanguka. Watu wa nyuma walidhani ni manjonjo, wakapiga vigelegele. Mtoto yuko chini na watu wanakuja kutunza pesa! Baba yetu, mzee wa miaka sitini na kitu, aliruka meza kuu, akamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti: "Zimeni muziki, mwanangu anakufa." Kaka akambeba. Gari lililopambwa lilikuwa limezibwa na magari ya wageni, tukaondoka na bajaji, mimi nimekumbatia viatu vyake.

Hospitali walisema mwili umekaukiwa maji na potasiamu imeshuka sana, na potasiamu ndiyo inayosaidia moyo upige sawasawa. Daktari akaomba paketi ya chai, akasoma, akatuonyesha kwa kidole: sanamaki. Dawa ya kuharisha! Inatoa choo na maji, mafuta yanabaki palepale. Alilala na dripu wakati wageni wanakula pilau lake.

Ndoa ilifungwa Jumamosi iliyofuata, ameketi karibu ibada yote. Gauni lilimpwaya, tukalibana mgongoni kwa pini, ndiyo maana picha zote amepigwa kwa mbele. Miezi mitatu baadaye nywele zikaanza kutoka kila akichana. Na kilo zote zilirudi, zikaja na nyingine.

Kwa hiyo wewe Mrembo, usituambie haina kemikali.

Sato_Chukuchuku:
Nimelia. Sasa yu mzima?

Dada_wa_Nyakato:
Mzima, ana mtoto. Shangazi yule hajawahi kuomba radhi.

Mrembo_Asilia:
Poleni, lakini yangu ni tofauti. Wateja wangu hawajawahi kuanguka.

Nesi_wa_Zahanati:
Weka picha ya paketi tusome kilichomo. Duniani kuna bidhaa za kupunguza mwili zilizoitwa za asili zikakutwa na sibutramini ndani bila kuandikwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa. Kama chai yako imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tuandikie namba ya usajili.

Dada wa Nyakato, hizo nywele ni kawaida mwili ukinyimwa chakula ghafla, zinatoka miezi 2 hadi 3 baadaye na mara nyingi zinarudi. Kupungua kwa kasi pia kunaleta mawe kwenye mfuko wa nyongo. Mshukuruni Mungu hayakumpata.

Mama_Buzuruga:
Tunasubiri namba.

Kaka_Mabatini:
Bado tunasubiri. Hapa mimi na mama tuko pamoja.

Ng'wana_Lamadi:
Mimi nashangaa hili jambo lote. Wanaume wa kanda hii tunapenda mwanamke mwenye mwili. Kaa hivyohivyo dada.

Sato_Chukuchuku:
Hajauliza mnapenda nini. Mwili ni wake, na magoti yatakayoubeba ni yake.

Ng'wana_Lamadi:
Nimemtia moyo tu mayu.

Sato_Chukuchuku:
Ukitaka kumtia moyo, siku ukiwa kwenye kamati ukasikia mama anamsema bibi harusi mbele za watu, mkatize.

Mkerewe_wa_Nansio:
Sisi tulifanya wawili, mimi na mchumba wangu. Saa 12 asubuhi tunatembea barabara ya Capri Point upande wa ziwani, jua halijaanza kuchoma. Lengo letu halikuwa la kilo. Tulisema siku ya harusi tucheze kuanzia kuingia ukumbini mpaka kukata keki bila kutafuta kiti. Hilo ndilo lilitutoa kitandani, kwa sababu mzani ulikuwa unatukatisha tamaa. Mimi zilitoka kilo 6, yeye 3, na alicheza kuliko mimi.

Usiku tulikula. Saa 1 jioni, kidogo, hata michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na maziwa. Asiyekula kabisa ndiye anaamka saa 6 usiku anafungua sufuria ya wali. Na kikao kikiisha saa 4 usiku, nendeni mkalale. Kukosa usingizi kunaleta njaa ya ajabu kesho yake.

Binti_wa_Igoma:
Nimesoma zote, ya Dada wa Nyakato nimeisoma mara mbili. Wabeja sana. Nesi, nikiweka kilo 7 mpaka siku ile ni sawa? Na huyo mama ndiye mweka hazina wa kamati. Namwambiaje?

Nesi_wa_Zahanati:
Kilo 7 ni sawa kabisa. Zikitoka 5, usihesabu kwamba umeshindwa.

Mama_Buzuruga:
Wewe usimwambie kitu. Mwambie mchumba wako, huyo ni mtu wa upande wake, aende akamwambie mwenyewe kwa heshima. Na afanye hivyo kabla ya kikao kijacho. Namna atakavyolibeba, utajifunza jambo kuhusu ndoa yako.

Bwana_Harusi_Kirumba:
Samahani kuingilia uzi wa akina dada. Mimi naoa baada ya wiki 5. Bia za vikao zimenipa kitambi, suti ya kujaribu haifungi. Na sisi mtusaidie.

Nesi_wa_Zahanati:
Wiki 5 ni kilo 2 na nusu hadi 5. Bia ziache zote mpaka siku hiyo, hapo peke yake utaona tofauti.

Cherehani_Makoroboi:
Kitambaa nunua sasa, vipimo njoo wiki ya tatu.

Mvuvi_Mwaloni:
Kirumba si hapahapa jirani? Njoo Mwaloni saa 11 alfajiri, kuna makreti ya samaki ya kupakua. Nasema kweli.

Bwana_Harusi_Kirumba:
Mnalipa?

Mvuvi_Mwaloni:
Tunalipa, na sato wa kwenda kuchemsha nyumbani. Njoo na viatu vya mpira, huku kunateleza.